Mesi Mbili Chini ya Paa Moja

Kijana mmoja, Kapteni, aliyepangiwa ofisi niliyoiacha, alinipigia simu wiki aliyoripoti. Akaniuliza, "Afande, huku Mbulu kuna nini?" Nikamwambia kuna baridi. Akacheka, akasubiri niendelee, nami nikaaga. Baada ya kukata simu nikaona jibu lile ni fupi mno kwa mtu anayeanza. Basi haya ndiyo marefu yake, kwake na kwa wenzake watakaopelekwa kuwa washauri wa mgambo kwenye wilaya za mbali. Habari za mishahara waulizeni wahasibu. Vyeo nitavitaja pale tu ambapo havikwepeki.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: wilaya hupewa afisa mmoja wa jeshi, akakae na raia, afundishe mgambo vijijini. Hana kikosi wala kambi. Mimi nilikabidhiwa chumba kwenye jengo la wilaya, filimbi, rundo la bunduki za mti za kufundishia kwata, na askari mmoja wa kunisaidia. Nilikuwa Kapteni, nimetoka kwenye kikosi ambako hata ukikohoa kuna mtu anakuuliza una nini. Nilidhani nitakaa Mbulu mwaka mmoja, wa pili wanihamishe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe ninalo mpaka leo.

Siku ya kwanza nilishuka kwenye basi la kutoka Arusha wakati manyunyu yanaanguka na stendi yote ni tope. Mimi ni mtu wa Nachingwea. Kwetu mtu akisema baridi ana maana ya maji ya mtungi. Nilisimama pale natetemeka, nikamwona askari amekakamaa pembeni ya kibanda cha tiketi, sare imepigwa pasi, buti zinang'aa. Mpaka leo sijui alifikaje pale bila kukanyaga tope. "Jambo afande!" akasema, kwa sauti iliyowafanya akina mama wa vitunguu wageuke. Huyo alikuwa Mgana, cheo chake Sajinitaji, ingawa mji mzima walimwita Sajenti tu.

Nilimtazama vizuri. Mvi zilikuwa zimeshaingia juu ya masikio, alikuwa amenizidi miaka mingi, na kwetu mtu wa umri ule unamwamkia kabla hujatua mzigo. Shikamoo ilikuwa imeshafika mdomoni, nikaimeza. Alinyanyua sanduku langu akatangulia. Nyuma yetu nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Makubwa. Mzee anamwamkia kijana." Mwenzake akamjibu kwamba jeshini ndivyo walivyo, wamegeuzwa.

Tulipewa nyumba moja ya serikali, ya zamani, iliyokatwa katikati kwa ukuta wa tofali. Kila upande una mlango wake, chumba, sebule ndogo, na jiko kwa nyuma. Jioni ile Sajenti alikuja kunionyesha kuni ziko wapi. Akasema, "Afande, mesi yako ni huku. Yangu ni upande ule." Nikacheka, nikidhani ananitania kwa sababu ya ugeni. Hakucheka. Nikamwambia, "Sajenti, tuko wawili tu." Akajibu, "Ndiyo, afande. Ndiyo maana mesi ni mbili."

Raia atakayesoma haya aelewe kwamba jeshini maafisa wanakula kwenye mesi yao, masajenti kwenye yao, askari kwenye yao. Nilifundishwa sababu yake chuoni, na mimi nikawafundisha wengine: ukizoeana na mtu kwenye sahani, siku ya kumtuma mbele ya risasi ulimi utakuwa mzito. Ni sababu nzuri, sijawahi kuipinga. Lakini iliwekwa kwa ajili ya kambi yenye watu mamia. Mbulu ilizaa mesi mbili, kila moja ina mtu mmoja anayepuliza moto wake, anasonga ugali wake na kuosha sufuria yake, ukuta katikati. Nilikuwa namsikia akikwangua mwiko. Bila shaka na yeye alinisikia mimi nikiunguza.

Kazi alinifundisha yeye. Alikuwa ametangulia kule na alikuwa na njia zake. Kwa mfano kuruta wa kijiji cha Daudi. Hao ni wakulima, wengi wao walikuja kwata wakiwa wametoka kukamua, na ukiwaita wakati wa palizi unapoteza muda wako. Kiswahili walikijua, lakini alfajiri, kwenye baridi, kulia na kushoto vilikuwa vinawachanganya, kama vinavyomchanganya kuruta yeyote duniani. Sajenti akaacha kusema kulia na kushoto. Akawa anasema, "Upande wa mlima, geuka! Upande wa bonde, geuka!" Ndani ya wiki moja walikuwa wanageuka kama mtu mmoja. Nikamsifu, nikaandaa siku ya kuhitimu, nikamwalika Mkuu wa Wilaya. Gwaride likafanyika uwanja wa mpira wa mjini, ambao ni tambarare. Watu walikwenda pande zote nne, na mmoja alimfuata Mkuu wa Wilaya mpaka karibu na kiti.

Siku ile Sajenti alizikusanya bunduki za mti, tukarudi nyumbani. Kesho yake nilimsikia upande wa pili wa ukuta akicheka peke yake, kicheko kirefu cha kujikaza, na mimi upande wangu nikacheka mpaka machozi. Watu wawili wanacheka jambo moja, kila mtu na sebule yake. Tulipokutana nje ya mlango tukasalimiana, "Jambo afande," "Jambo Sajenti," tukaenda kazini.

Miaka ile ndiyo mageuzi yalikuwa yanaingia. Maduka yalijaa, mitumba ikafika mpaka kwenye minada ya ng'ombe, na chama kikawa si kimoja tena. Wanajeshi tukaambiwa tusiwe na chama chochote. Ilikuwa sahihi kabisa, ila mimi ilinigharimu meza ya kahawa. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa na watu wa ofisi ya chama jioni, tunacheza bao. Sasa nikikaa na huyu, yule anauliza Kapteni anafanya nini pale. Nikikaa na yule, huyu ananuna. Nikaacha kukaa na wote. Walimu na waganga wa hospitali walioletwa kutoka mikoa mingine walikuwa na familia zao, na ukimtembelea mtu mara mbili akiwa na mkewe, ya tatu unajiona mzigo.

Mke wangu, Mwanahawa, alikuja mara moja. Alikaa msimu mmoja wa baridi, amejifunga blanketi juu ya khanga, akasema, "Mimi nilikuja kwa mume, sikuja kwenye jokofu." Akarudi kwenye mikorosho yetu na watoto wakaendelea na shule. Sikumlaumu. Nilikuwa naenda likizo, narudi, na kila nikirudi nyumba ilikuwa imepoa zaidi.

Hanang, wilaya jirani, ilipokaa bila mshauri nilipewa nayo niiangalie. Tukiwa mnadani Katesh, tukamwona mfugaji mmoja mrefu, mkuki mkononi, amevaa koti la mtumba la jeshi la nchi nisiyoijua, na mabegani lina alama za kanali. Sheria hairuhusu raia kuvaa hivyo. Sajenti alimwendea, akasimama hatua chache mbele yake, akaunganisha visigino, akasema kwa adabu, "Kanali, naomba koti." Yule mtu akavua, akampa. Nilimuuliza baadaye kwa nini amemwita mchunga ng'ombe kanali. Akaniambia, "Afande, mimi naheshimu bega. Aliyemo ndani si kazi yangu." Nilicheka sana. Sikujua kwamba ananieleza habari zangu mwenyewe.

Kila Idi nilipika pilau. Nilikuwa nabisha hodi kwake, "Sajenti, karibu tule." Alitoka, akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Asante afande, Idi njema," akaingia nayo kwake. Krismasi alinibishia yeye, amebeba kuku na bakuli la mlenda, na mlenda wa kwao Singida si kitu cha kumpa mtu wa kusini bila onyo. Alinikabidhi mlangoni. Mara moja nikamshika mkono, nikamwambia, "Ingia basi, Mgana, nani anatuona?" Akautazama mkono wangu mpaka nikamwachia. Akasema, "Mimi najiona, afande."

Mara moja tu tulikula pamoja. Tulikuwa tunakwenda Yaeda Chini kufungua mafunzo, na gari la wilaya likanasa kwenye mbuga kabla hatujafika. Dereva akabaki nalo. Sisi tukabeba unga, chumvi na sufuria moja, tukaendelea kwa miguu. Jua kule chini si la Mbulu; lilinikumbusha kwetu. Tulipopumzika akasonga ugali, akakaa chini mbele yangu, akasogeza sufuria katikati. Nikasogea haraka, asije akabadili nia. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Porini hakuna mesi, afande." Tukala. Wawindaji waliokuwa wanapita wakatupa kipande cha asali na masega yake, tukakila pia.

Siku zile mbili alizungumza kuliko miaka yote. Alinieleza jinsi baba yake alivyomtuma kuuza mbuzi, akakutana na gari la kuandikisha askari, akapanda, na mbuzi akamwachia mtu njiani. Aliniambia kuwa amepata mwanamke kijiji cha Masieda, Veronika, mjane mwenye shamba, na kwamba anaogopa kumposa kwa sababu hajui kukaa na watu. Nikamwambia amkose kwa sababu nyingine, si hiyo. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, afisa, na nilifurahi kwa sababu mtu alikula nami. Tulipopandisha tena na kufika Mbulu, akanifungulia mlango wangu, akaingia wa kwake. Jioni nikasikia mwiko.

Alimuoa Veronika, akajenga Masieda, akawa anakwenda mwisho wa wiki. Akapanda cheo, akawa Afisa Mteule, kisha umri ukafika akastaafu. Nilikuwa naingoja siku hiyo kuliko yeye. Aliporudi kutoka kuagwa kikosini nilimpokea mlangoni, nikamwambia, "Sasa wewe ni raia. Raia anakula na anayemtaka. Kesho mchana kwangu." Alikuwa amevaa shati la kitenge lililomkataa mabega. Akafikiri. Akasema, "Mimi nimetoka, afande, lakini wewe bado umo. Ukitoka na wewe, hapo sawa. Tutakaa." Niliichukua ile kuwa ahadi, na ilikuwa ahadi kweli. Alihamia Masieda moja kwa moja, na upande wake wa nyumba ukawa stoo ya bunduki za mti.

Hapa ndipo cheo hakikwepeki. Afisa anastaafu kwa umri wa cheo chake: Kapteni anaondoka mapema, Meja anabaki zaidi, na kadhalika kwenda juu. Mimi nilikuwa Kapteni mkongwe, nimepitwa na vijana, na nilikuwa nimeukaribia ukomo wangu. Wenzangu walinionea huruma. Mimi nilikuwa nahesabu kwa raha zangu: msimu mmoja wa mafunzo, labda na nusu, kisha niko Masieda, nimekaa, nakula na mtu. Nilishaanza hata kuuzoea mlenda.

Mkoa ulikuwa umegawanywa, taarifa zetu zinapelekwa Babati badala ya Arusha, na ofisi zote zilikuwa kwenye pilikapilika za kuhama. Nikaitwa kwenye simu ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sauti upande wa pili ikaniambia nimepandishwa kuwa Meja, nijiandae kwenda kuvishwa. Watu waliokuwemo ofisini wakapiga makofi, katibu muhtasi akaleta soda. Mimi nikatafuta kiti. Nilishukuru, kwa sababu jeshini unatii kwanza na kulalamika baadaye, na nani anakwenda kulalamika kwamba amepandishwa? Lakini kile cheo kilisukuma kustaafu kwangu mbele miaka, na miaka ile ndiyo niliyokuwa nimepanga kuila na Mgana.

Alikuja yeye, kutoka Masieda, na jogoo mkononi. Alisimama uani, akaniita Meja, akarudia kuniita, akafurahi mpaka macho yakalowa. "Nilijua, afande. Nilimwambia Veronika, yule atakuwa Meja." Nilimwangalia nikashindwa kumwambia. Ungemwambiaje mtu anayekufurahia hivyo kwamba jambo analolifurahia ndilo linalokunyima? Nilimkaribisha kula. Akasema njia ni ndefu, akaondoka.

Nikiwa Meja, Mwanahawa akafariki. Nilikwenda kumzika, nikarudi, kwa sababu kazi ilikuwa inaningoja na sikujua mahali pengine pa kurudi. Mgana alifika asubuhi yake. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi za nyuma, kofia juu ya goti, mpaka jua likazama, na kila nilipopita dirishani nilimwona mgongo. Ile ndiyo siku ya msiba wangu niliyofarijika kidogo, na bado nililia kwamba hakuingia.

Siku yangu ilipofika nilikabidhi funguo, filimbi na bunduki za mti kwa koplo aliyechukua nafasi ya Mgana, kwa sababu mrithi wangu alikuwa hajaripoti. Nilikuwa nimeshaagwa kikosini na watu wasionijua. Watoto walitaka niende Dar es Salaam. Niliwaambia nimenunua shamba Daudi, nataka kulima vitunguu saumu. Wakashangaa baba ameanza lini kupenda vitunguu saumu. Sivipendi. Nilibaki kwa sababu duniani alikuwa amebaki mtu mmoja aliyenijua tangu nina nguvu, na mtu huyo alikuwa Masieda, na alikuwa ameniahidi.

Nilikwenda Jumapili, baada ya kumtumia salamu. Nilivaa shati la mikono mifupi na kandambili, makusudi, nisionekane na chochote cha jeshi. Nilimkuta amesimama kwenye geti la miti. Nikamwahi. "Shikamoo, kaka," nikasema, ile niliyoimeza stendi, na nyingine zote. Mgana akaunganisha visigino kwenye vumbi. "Jambo afande."

Veronika alinikaribisha vizuri. Sebuleni kulikuwa na kiti chenye kitambaa cha kufuma, meza ndogo, kuku mzima na firigisi yake juu, ugali, maziwa mgando. Sahani ilikuwa moja. Mgana akaninawisha mwenyewe, birika mkono wa kulia, taulo begani. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akasema yeye na watu wake wanakula jikoni. Nikamwambia, taratibu, "Ulisema nikitoka na mimi."

Aliweka birika chini. Nilimwona amezeeka. "Nilisema, Meja," akajibu. "Jana nimeweka viti viwili hapa. Nikakaa kimoja, nijaribu kwanza kabla hujaja. Veronika akakaa chako, awe wewe. Miguu imekataa, afande. Nimesimama bila kujua. Amenicheka, halafu naye akaacha kucheka." Akaliokota birika. "Kula, kitapoa," akasema, akatoka.

Nilimega tonge moja. Kutoka jikoni nikaanza kuwasikia: yeye, mkewe, mabinti wawili wa Veronika, majirani. Wakaanza chini chini, kisha mtu akasema jambo kwa Kiiraqw, wote wakacheka, na Mgana akacheka kuliko wote. Kile kicheko nilikuwa nakijua kupitia ukuta. Alikuwa amejifunza kukaa na watu. Nilifurahi kwa ajili yake, nikaona wivu, yote mawili kwa pamoja. Nikabeba sahani yangu nikaenda jikoni.

Niliinama nikaingia. Mgana alisimama, tonge mkononi, visigino pamoja. Mkewe alipomwona amesimama akasimama. Mabinti wakasimama, na majirani, kila mtu na mkono wenye ugali, wanatazama chini. "Kaeni, jamani. Kaa, Mgana," nikasema. "Ndiyo, afande," akajibu, na hakukaa. Moshi ulikuwa unatuuma macho. Ningeweza kumpa amri, na kwa amri angekaa mpaka kesho. Lakini hakuna aliyewahi kupata mwenzake kwa amri. Chakula chao kilikuwa kinapoa, na kwenye mkeka palikuwa na nafasi pembeni yake. Niligeuka, nikarudi sebuleni na sahani yangu, ili wapate kukaa.